Saa za Mtoto: Muziki, Huduma na Michezo ya Mwanafunzi

(Hotuba ya Halmashauri ya Elimu, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kericho)



Katika mkutano uliopita, hesabu za karo zilipokwisha kusomwa, wazee kadhaa waliuliza swali ambalo halikupata jibu siku ile. Waliuliza: mtoto tunayemlipia karo kwa fedha ya chai na maziwa, mbona Jumamosi yuko kwenye kinanda, Jumatano anawasomesha watoto wadogo, na siku nyingine yuko uwanjani akikimbia? Kitabu atakisoma saa ngapi? Halmashauri yetu ilipewa kazi ya kulichunguza jambo hilo, na leo twaleta majibu.

Swali lenyewe ni la haki. Anayelipa ana ruhusa ya kuuliza. Tena wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na mwanafunzi huyu ameshika nne. Lakini tulipoketi na kuzihesabu saa zake moja moja, tuliona ya kuwa kinachomwibia muda si kile tulichokidhani.

Kwanza twapenda kuondoa shaka moja. Wako wasemao kwamba muziki na michezo ni mambo mageni, yaliyoletwa na mitaala ya siku hizi. Sivyo hata kidogo. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki, Bwana Hugh Tracey, alifika Kapkatet na mashine yake ya kunasa sauti, akazinasa nyimbo za Wakipsigis. Mmoja wao, ulioimbwa na wasichana, huitwa Chemirocha. Na jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, lililogeuzwa na ndimi za watu wetu baada ya kuzisikia sahani zake za santuri. Sauti za wasichana wale zimehifadhiwa hata leo, na watu wa nchi za mbali wanazisikiliza. Mashindano ya muziki ya Kenya nayo yalianza mwaka 1927, kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Ama kwa mbio, nani kati yetu asiyemjua marehemu Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho? Yeye ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali katika Michezo ya Olimpiki, ile ya shaba katika mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, kisha ya fedha huko Mexico mwaka 1968. Basi tusiseme kwamba uwanja ni mahali pa wavivu.

Pili, tumeiangalia sheria. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema ya kuwa mwanafunzi wa shule ya kutwa asilazimishwe kufika shuleni kabla ya saa moja na robo asubuhi. Masomo ya darasani huanza saa mbili na kwisha saa tisa na nusu. Kisha, tangu saa tisa na nusu hata saa kumi na moja kasorobo, ni wakati wa michezo, muziki na vyama vya wanafunzi. Maana yake ni kwamba mtoto anayekimbia saa kumi ya jioni hakuiba saa hiyo katika hesabu wala katika Kiswahili. Ni saa yake kwa sheria. Kadhalika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza wanafunzi kufundishwa kwa lazima wakati wa likizo. Likizo imewekwa ili mtoto apumzike, afanye kazi za kwao, na akuze kipaji chake.

Tatu, shule zenyewe zimebadilika. Januari mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia shule za sekondari za juu, ambako kuna njia tatu: sayansi na ufundi, elimu ya jamii, na sanaa pamoja na michezo. Huduma kwa jamii sasa ni somo la lazima kwa wote. Kwa hiyo mtoto anayewasaidia wadogo kusoma hapotezi muda.

Lakini twaomba jambo hili lieleweke vema. Huduma ni kazi yenye manufaa kwa watu wengi na yenye mafunzo kwa anayeitenda, kama vile kuwasomesha wadogo, kupanda miti, au kutunza maktaba. Kumtekea mwalimu maji nyumbani kwake, au kumpasulia kuni, si huduma ya jamii, hata kama ikiitwa kwa jina hilo. Mzazi akisikia hayo, na aulize kwa adabu, lakini aulize.

Sasa tufike kwenye kipimo. Kiasi gani chatosha? Hapa tumepata msaada katika mpango wa Tuzo ya Rais, ulioanzishwa Kenya mwaka 1966 kwa mfano wa ule ulioanza Uingereza mwaka 1956. Kijana aliyetimiza miaka 14 anaweza kujiunga nao. Hutakiwa kufanya mambo manne: huduma, ustadi, mazoezi ya mwili, na safari. Muziki huhesabiwa kuwa ustadi. Na kipimo chake ni saa moja kwa juma katika huduma, saa moja katika ustadi, na saa moja katika mazoezi, kwa uchache, bila kukatiza, kwa miezi iliyowekwa. Hawamtaki kijana afanye siku nzima leo kisha apotee mwezi mzima. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa kipimo hicho tulitengeneza hesabu ya juma moja. Juma lina saa 168. Tumchukue binti wa shule ya kutwa. Analala saa 9 kila usiku. Hizo ni 63. Yuko shuleni tangu saa moja na robo hata saa kumi na moja kasorobo, siku tano. Ni 47 na nusu. Kutembea kwenda na kurudi ni 7 na nusu. Kula, kuoga na kufua ni 17 na nusu. Kudurusu jioni, saa moja na nusu kwa siku tano, ni 7 na nusu. Kanisani Jumapili ni 4. Jumla ni 147, nazo zinabaki 21.

Katika hizo 21 tumempa mama yake saa 10 za kuteka maji, kupika na kukamua. Zinabaki 11. Somo la kinanda ni saa moja, na mazoezi ya nusu saa kwa siku sita ni saa 3. Kuwasomesha wadogo ni saa moja. Riadha imo ndani ya saa za shule. Basi baada ya yote hayo binti huyu anazo saa 6 za kupumzika. Yote yametosha, na kitabu hakikuguswa.

Lakini Jumamosi chai ikiwa tayari, akatumwa shambani kabla umande haujakauka hata jioni, hizo ni saa 8 au 9. Saa zake 6 zimekwisha, na deni hulipwa kwa usingizi au kwa kudurusu. Jumatatu mwalimu asema, "Mtoto huyu asinzia darasani," nasi twajibu, "Ni kinanda hicho." Sivyo, wazee wetu.

Hatusemi mtoto asichume chai. Majani mawili na chipukizi ndiyo yaliyotusomesha sisi sote, na chai haingoji. Chipukizi likipitisha siku zake huwa gumu. Twasema mambo mawili. La kwanza, kazi ya Jumamosi na igawanywe kwa ujima, jirani amsaidie jirani kwa zamu, ili kila mtoto apate angalau Jumamosi mbili katika mwezi. La pili ni zito zaidi, nasi twalisema kwa heshima: katika nyumba zetu nyingi dada huingia jikoni mara afikapo, na kaka huketi. Saa 10 tulizozihesabu zikigawanywa kwa wawili ni 5 kwa kila mmoja. Ndoo ya maji haimjui mvulana wala msichana.

Kwa mwanafunzi mwenyewe twasema hivi. Asianze jambo jipya kabla muhula mzima haujapita katika lile aliloanza. Alama zikishuka, au usingizi ukipungua, na apunguze jambo moja, naye achague mwenyewe lipi, akisha kushauriana na wazazi na mwalimu. Jambo alilolichagua mtu ndilo analolivumilia.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, twaleta maazimio matatu mbele ya mkutano huu. Kwanza, kila mwanafunzi anayelipiwa na chama aandike ratiba ya juma lake mwanzoni mwa kila muhula, na mzazi aitie sahihi, kwa kuwa saa hizo ni za wote wawili. Pili, chama kinunue kinanda kimoja kikae mahali pa watu wote, watoto wa kila kokwet wakitumie kwa zamu, ili muziki usiwe wa wenye fedha peke yao. Tatu, asinyimwe karo mwanafunzi yeyote kwa sababu ya muziki au michezo kabla halmashauri haijaiona ratiba yake na kuuliza Jumamosi zake hutumika wapi.

Wazee wetu, mwaka huu ombi letu si fedha tu. Twaomba saa, na saa hizo ziko mikononi mwenu. Tumesema yetu, na sasa twawaachia ninyi kuamua.