Likizo ya Kipupwe: Siku Moja ya Matembezi Si Anasa

Ndugu wazazi, walimu na vijana wa Tarime na Serengeti,

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Juni, shule hufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Ndio msimu wa kipupwe. Mvua za masika zimekwisha, na huko milimani Tarime baridi ya asubuhi huwafanya wazee waote moto hadi jua lipande. Kwa majuma kadhaa watoto huwa mikononi mwa wazazi wao. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: katika siku hizo zote, mtoto atapata nini ambacho shule haikumpa?

Wazazi wengi hujibu kwamba atapata kazi. Jibu hilo ni la haki. Mtoto anayechunga ng'ombe, anayeanika ulezi na kuteka maji anajifunza kujitegemea, na hapana mzalendo atakayebeza malezi ya namna hiyo. Lakini kazi peke yake haimkamilishi mtu. Mtoto anapaswa pia kuijua nchi yake, tena akiwa pamoja na baba na mama yake. Wahenga walisema kutembea kwingi kuona mengi.

Ipo fikra iliyojengeka kwamba matembezi ni mambo ya matajiri na wageni. Fikra hiyo ina madhara kila mahali, lakini katika wilaya hizi mbili madhara yake ni makubwa zaidi. Hapa ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, yenye kilomita za mraba 14,763, na ambayo tangu mwaka 1981 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watu huvuka bahari kutoka Ulaya na Marekani kuja kuiona. Mtoto aliyezaliwa mpakani mwake, kwa upande wake, mara nyingi huijua kwa mambo matatu tu: tembo waliokula mahindi ya nyumbani usiku, jamaa aliyekamatwa kwa kuwinda au kuingiza mifugo, na magari ya watalii yanayopita na kuacha vumbi.

Mtoto anayelelewa kwa picha hizo tatu atakua akidhani kwamba hifadhi ni mali ya watu wengine. Na mali ya watu wengine hailindwi kwa moyo. Hulindwa kwa hofu ya askari tu. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitamka mjini Arusha kwamba wanyama pori ni dhamana ambayo taifa limekabidhiwa, na kwamba jukumu ni kuwatunza ili wajukuu wa wananchi nao waufaidi urithi huo. Mjukuu asiyewahi kuuona urithi wake ataufaidi vipi?

Yafaa basi hesabu ifanywe bila woga. Katika viwango vya miaka ya karibuni, kiingilio cha raia mtu mzima kimekuwa shilingi 10,000 kabla ya kodi, na cha mtoto wa miaka 5 hadi 15 shilingi 2,000. Baba, mama na watoto watatu hufikia shilingi 26,000 kabla ya kodi. Viwango hubadilika, na malipo yana utaratibu wake, kwa hiyo ni busara kuulizia mapema katika ofisi za hifadhi. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba kinachozishinda familia nyingi si kiingilio. Ni gari.

Gari halina dawa nyingine isipokuwa umoja. Familia moja ikikodi gari, itaumia. Familia kumi zikikodi basi moja, mzigo unagawanyika. Kaya inayoweka shilingi 2,000 kila juma tangu Januari itakuwa na shilingi 48,000 baada ya majuma 24, yaani kabla likizo haijamalizika. Watu wa wilaya hizi wanajua tangu zamani kulima kwa zamu na kuchangiana katika misiba na harusi. Hapana sababu ya umoja huo kusahaulika jambo linapokuwa la furaha ya watoto.

Chakula nacho kisiwe kisingizio. Viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, maziwa na chupa ya uji wa ulezi vinatosha kwa siku nzima. Vifungwe kwa vyombo vya nyumbani, si kwa mifuko ya plastiki, ambayo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Msimu nao ni rafiki. Mwezi wa Juni nyumbu, ambao idadi yao hupita milioni moja, huwa wakielekea magharibi na kaskazini, wakipita pande za mto Grumeti. Kuanzia Julai hadi Oktoba huvuka mto Mara, upande wa Lamai unaopakana na Tarime. Aishiye Mugumu ana lango la Ikoma karibu. Wageni hulipa fedha nyingi kuyafuata majira hayo. Mwenyeji anayo mlangoni.

Kwa familia ambayo hata hayo hayamo katika uwezo wake, nchi haijafunga milango. Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu, inafikika kwa barabara kutoka Tarime na kutoka Mugumu, na makumbusho yake yanafundisha historia kuliko kitabu. Atokaye Tarime atavuka daraja la Kirumi na kuuona mto Mara ukitambaa katikati ya mafunjo kuelekea Ziwa Victoria. Babu naye, akiwapandisha wajukuu kilimani na kuwaonyesha mipaka ya koo na mabonde ya malisho ya zamani, amewapa safari isiyogharimu hata senti moja.

Jambo moja lisisahaulike. Siku hiyo isiwe ya baba na watoto wa kiume peke yao. Mtoto wa kike asiachwe jikoni, wala mama asiachwe shambani, kwa kuwa urithi wa taifa hauna jinsia.

Serikali za vijiji na kamati za shule zinaweza kuanza kwa kuchagua siku moja tu katika likizo ijayo na kuwaandikisha wanaotaka kwenda. Mtoto atakayemwona nyumbu pamoja na wazazi wake leo ndiye atakayekuwa mlinzi wa Serengeti kesho, bila kushurutishwa na mtu.