Kichupa Kimoja, Watu Kumi

Haya ni maneno ya muuguzi mmoja wa zahanati alipoalikwa kuzungumza na viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu yote jinsi alivyoyasema.



Nimeombwa nieleze jinsi chanjo ya Korona ilivyotufikia na shida tulizozipata. Najua kuna wanaosema moyoni, huyu naye anatuletea habari za jana. Ni kweli, Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba ile hali ya dharura imekwisha. Lakini shida niliyokuja kuieleza haikuisha nayo. Iko pale zahanati hata wiki hii.

Shehena ya kwanza ilitua Nairobi tarehe 3 Machi 2021, dozi zaidi ya milioni moja, zilizotengenezwa Bara Hindi. Mliona kwenye televisheni: ndege, wakubwa, kamera. Kutoka uwanja wa ndege zikaenda kwenye bohari kuu ya chanjo kule Kitengela. Kutoka Kitengela zikaenda bohari za sehemu mbalimbali, kama Kisumu, Nakuru, Meru na Garissa. Halafu hospitali za kaunti ndogo. Halafu ndio sisi huku. Kila mahali pale lazima pawe na friji, na friji lazima ipate stima, gesi au jua, na lazima kuwe na mtu wa kuitazama asubuhi na jioni, hata Jumapili na sikukuu. Kamera hazikufika huku.

Sasa niseme kidogo juu ya baridi, maana watu wengi hufikiri ni jambo la kutia kitu kwenye friji na kufunga mlango. Mama anayeuza maziwa ananielewa. Maziwa yakikaa kwenye joto yanaharibika. Lakini maziwa yakiharibika utanusa, utayaona yamekatika. Chanjo nyingi zikiharibika kwa joto hubaki vile vile machoni. Mtu anadungwa sindano, anakwenda nyumbani akijua amekingwa, kumbe amedungwa maji.

Ile chanjo ya kwanza, ya AstraZeneca, ilitaka nyuzi 2 hadi 8, kama chanjo za watoto tulizozizoea. Hiyo tuliiweza. Ya Pfizer, iliyofika nchini Septemba 2021, ilitaka kuhifadhiwa kwenye nyuzi kama 70 chini ya sifuri. Friji ya kugandishia nyama haifiki hata theluthi ya baridi hiyo. Ikabidi zitafutwe friji za pekee, na hizo haziletwi kila zahanati. Chanjo ikitolewa mle na kutiwa kwenye friji ya kawaida, wakati ule ilikuwa na mwezi mmoja tu wa kuishi, na huwezi kuirudisha ikagande tena. Kwa hiyo kila sanduku lililotoka bohari lilikuja na saa yake ikienda mbio.

Na baridi ikizidi pia ni hatari. AstraZeneca ikiganda ndiyo basi. Sisi tukibeba chanjo kwenye boksi la baridi hatuchukui barafu moja kwa moja kutoka friza na kuitia ndani. Tunaiacha nje kidogo mpaka itoe jasho, tunaitikisa karibu na sikio, ukisikia maji yanacheza ndani ndipo unapakia. Watu walionipita wakaniona nimesimama mlangoni natikisa barafu sikioni walidhani nimerukwa na akili. (Na tafadhali, anayekuja zahanati asiniombe nimwekee soda kwenye friji ile. Kila mlango ukifunguliwa joto linaingia.)

Mwaka ule wa 2021 taabu ilikuja kwa zamu mbili. Kwanza chanjo ilikosekana. Bara Hindi yenyewe ilishikwa vibaya na ugonjwa, ikasimamisha kuuza nje, na waliopata dozi ya kwanza wakakaa wakingojea ya pili. Baadaye nchi tajiri zikatoa misaada, na mwisho wa mwaka chanjo zikaja nyingi kwa mpigo, nyingine zikiwa na wiki chache tu kabla ya tarehe ya kuharibika. Malawi walichoma dozi 19,610 mwezi wa Mei 2021 kwa sababu tarehe ilikuwa imepita. Nigeria waliharibu zaidi ya milioni moja Desemba ile ile. Watu wakasema Waafrika hawataki chanjo. Wako waliokataa, sikatai, lakini mimi nasema hivi: ukimpa mtu ndizi ikiwa imeshaiva kupita kiasi, usimlaumu ikimwozea mkononi.

Sasa nifike kwenye zahanati yetu.

Tulikuwa tunaletewa AstraZeneca Jumanne na Alhamisi, kwa bodaboda, ndani ya boksi. Kichupa kimoja kilikuwa na dozi kumi. Ukishatoboa kizibo, una saa sita. Zikipita, kilichobaki kinamwagwa. Na tulikuwa tumeambiwa na wakubwa wetu tusipoteze dozi, kila moja tuiandike ilikokwenda.

Jumanne moja ya mwezi wa Oktoba alikuja mzee kutoka ng'ambo ya mto. Alikuja kwa miguu, na fimbo. Aliwakuta watu watatu, akawa wa nne. Nikamwambia, "Mzee, tungoje wengine." Akangoja. Saa sita mchana walikuwa sita. Saa tisa walikuwa saba, na mmoja akaondoka kwenda kukamua. Nilikitazama kile kichupa nikawaza zile dozi nitakazomwaga na fomu nitakayojaza. Nikawaambia, rudini Alhamisi. Mzee akaniuliza, "Binti yangu, hiyo dawa iko au haiko?" Nikasema iko. Akasema, "Basi mbona sipewi?"

Alhamisi alirudi. Usiku wake stima ilikuwa imepotea kule hospitalini, chanjo zikahamishiwa kwingine, na boksi halikuja. Mara ya tatu hakurudi. Alifariki mwezi wa Januari akiwa na kifua na homa. Hakupimwa, kwa hiyo siwezi kuwaambia ni Korona. Lakini nilikwenda mazishini na sikuweza kumtazama mke wake usoni.

Leo ningekifungua kile kichupa. Dozi tatu au nne zikimwagika ni hasara, lakini mtu aliyevuka mto ana thamani kuliko fomu yangu. Hata hivyo, nikifungua hivyo kila siku, boksi litaisha kabla ya wiki na wengine watakosa. Hilo siwezi kulitatua nikiwa peke yangu mezani.

Waliolitatua ni kikundi kimoja cha akina mama, na wako hapa wananisikia. Mwezi wa Novemba mweka hazina wao alinijia na daftari lao la mchango. Akasema, "Sista, sisi tunajua kila nyumba. Wewe niambie tu siku ya boksi." Wakaandika majina ya waliotaka, kumi kumi, kwa vijiji. Kila kumi wakawa na mtu wa kuwapigia simu. Jumamosi wakawapitia, Jumapili wakatangaza baada ya ibada. Ikifika Jumanne nilikuwa najua kumi wa kwanza watakuja saa tatu na wa pili saa tano. Asiyeweza kutembea walimlipia bodaboda kutoka mfuko wa kikundi. Kwa muda waliofanya kazi hiyo sikumbuki kumwaga zaidi ya dozi chache.

Nilisema shida haikuisha. Akina mama huniuliza: mbona sindano ya pepopunda unamfungulia mtu mmoja, lakini mtoto wangu wa surua unaniambia nirudi? Sababu ni kwamba kichupa cha pepopunda kikifunguliwa na kuwekwa vizuri kwenye baridi kinaweza kukaa hadi siku 28. Cha surua kikishachanganywa na maji yake, ni saa sita tu, na kina dozi kumi. Cha kifua kikuu, kile tunachowapa watoto wachanga, ni saa sita pia, na kina dozi ishirini. Kwa hiyo mama anakuja na mtoto wa miezi tisa, anakuta wako wawili, anarudishwa. Anakuja tena, anarudishwa. Ya tatu ana palizi, haji. Ndiyo habari ya yule mzee tena, safari hii imebebwa mgongoni.

Ninachoomba kwenu ni daftari. Kila kikundi kiandike watoto wanaofikisha miezi tisa na wale wa miezi kumi na minane, kijiji kwa kijiji, na namba ya simu ya mama. Mniletee kabla ya Ijumaa, mimi nitawapangia siku. Na mkinisikia nasema "rudi Alhamisi" kwa mama aliyetoka mbali, mniulize kwa nini.

Naona mama yule nyuma ameinua mkono. Karibu, mama, uliza.