Gari la Chama Linapozima Njiani
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Vyama vingi vya msingi vina gari moja tu, na aghalabu gari hilo ni kuukuu. Lilinunuliwa likiwa limekwisha tumika, au lilirithiwa kutoka chama kingine, nalo ndilo linalobeba mbolea, magunia, na mara nyingine wagonjwa wa kijiji kizima. Gari la namna hiyo, kama vile Land Rover ya petroli yenye injini ya sentimita za ujazo 2,286 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958, lina sifa moja ambayo magari mapya yameipoteza: ubovu wake waweza kutafutwa uani kwa macho, kwa masikio na kwa spana chache, pasipo kompyuta. Hata hivyo, vocha za vyama huonyesha vipuri vikinunuliwa kwa kubahatisha, kimoja baada ya kingine, mpaka fedha iishe au ubovu ukutwe kwa bahati.

Chama kimoja cha wakulima wa kahawa kilikuwa na Land Rover ya aina hiyo. Mwanzoni mwa msimu gari lilianza kuzima njiani. Injini ilikohoa, ikapoteza nguvu, kisha ikanyamaza. Dereva akingoja nusu saa, liliwaka tena kana kwamba halikuwa na lolote. Fundi aliyeitwa alisema ni pampu ya petroli, ikanunuliwa. Kisha akasema ni kabureta, ikanunuliwa. Kisha koili. Gari liliendelea kuzima. Hatimaye fundi alitoa kauli kwamba injini imechoka na haistahimili joto, na kamati ikaandaa pendekezo la kumkata kila mwanachama kiasi fulani kwa kila kilo ya kahawa ili inunuliwe injini nyingine. Ubaya zaidi, wajumbe wawili walikwisha kusema kwamba dereva huuza petroli na kulisingizia gari. Dereva akasimamishwa kazi bila mshahara hadi siku ya mkutano mkuu.

Katibu wa chama hicho hakuwa fundi. Alichokuwa nacho ni daftari la safari, ambamo dereva aliandika, kwa mwandiko mbaya lakini kwa uaminifu, saa ya kuondoka, petroli iliyotiwa, na mahali gari lilipozima. Alipolisoma jioni moja, kalamu mkononi, aliona mambo mawili. La kwanza, gari lilipata kuzima alfajiri ya baridi, tena kwenye mteremko, likiwa limekwenda kilomita chache tu. Basi joto haliwezi kuwa sababu. La pili lilimshangaza zaidi: lilizima mapema siku ambazo tangi lilijazwa, ilhali siku ambazo tangi lilikuwa karibu tupu lilikwenda mbali. Gari lililoibiwa petroli halifanyi hivyo.

Akamwita dereva.

“Ulipokuwa ukitia petroli, uliona jambo gani lisilo la kawaida?”

“Bwana Katibu, nikichomoa kizibo, tangi huvuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini.”

“Kizibo gani?”

“Lile gunzi. Nilimwambia fundi, akanijibu kwamba gunzi haliendeshi gari.”

Mfuniko wa tangi ulikuwa umepotea zamani. Badala yake palitiwa gunzi la mahindi lililoviringishwa kipande cha mpira wa tyubu, na mpira ukiguswa na petroli huvimba, hata ukaziba pasipite hewa kabisa. Sasa yafaa ifahamike kwamba petroli inayotoka tangini lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa. Mfuniko wa kiwandani wa gari kama hilo una kitundu kidogo cha kazi hiyo. Kikizibwa, hewa iliyomo ndani hupungua nguvu, na pampu hushindwa kuivuta petroli. Tangi likijaa, hewa iliyomo juu yake ni kidogo, na lita chache zikitoka tu upungufu huwa mkubwa. Tangi likiwa tupu, hewa ni nyingi na huchukua muda kabla mambo hayajaharibika. Gari likisimama, hewa hupenya polepole, ndipo liwakapo tena. Kila kitu kilichoandikwa katika daftari kilieleweka kwa sababu hiyo moja.

Siku ya pili gari lilitiwa mfuniko unaostahili, likajazwa tangi, likapanda hadi kiwandani na kurudi bila kuzima. Dereva alirudishwa kazini na mshahara wake wa siku zile akalipwa. Pendekezo la makato likaondolewa katika ajenda. Lakini pampu, kabureta na koili za zamani, ambazo pengine zilikuwa nzima, zilikwisha kubaki kwa fundi, wala hapakuwa na aliyezidai. Na katika jalada la kamati ilikutwa barua ya dereva, ya miezi mingi nyuma, akiomba mfuniko mpya. Ombi lilikuwa limeahirishwa kwa kukosa fedha.

Injini ya petroli huhitaji hewa, petroli, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Ikikataa kuwaka ilhali stata inaizungusha vyema, huulizwa kwanza cheche, kwa kuwa ndiyo rahisi kuonekana. Plagi moja huchomolewa, hurudishwa kwenye waya wake, na chuma chake huegemezwa kwenye injini kwa koleo lenye mpini wa mpira huku mtu mwingine akipiga stata. Cheche ya buluu yenye mlio ni njema. Cheche nyekundu na dhaifu, au kukosekana kwake, huelekeza kwenye pointi zilizomo ndani ya distribyuta. Kwenye Land Rover iliyotajwa, pointi huachana kwa milimita 0.35 hadi 0.40, nazo plagi milimita 0.75 hadi 0.80. Pointi zilizoungua husuguliwa taratibu au hubadilishwa pamoja na kondensa yake. Cheche ikiwa njema, ndipo bomba la petroli hufunguliwa penye kabureta na kuelekezwa ndani ya chupa. Majaribio haya mawili yasifanywe kwa pamoja kamwe, maana cheche na petroli wazi vikikutana hapatakuwa na gari la kutengeneza.

Ikiwa stata yenyewe haizunguki, wengi hukimbilia kununua betri. Kwanza visafishwe vichwa vya betri, halafu ufuatwe ule waya mnene unaounga betri na bodi, na ule unaounga bodi na injini. Kwa gari kuukuu, kutu iliyojificha chini ya nati ya waya huo hulaumiwa mara chache kuliko inavyostahili. Betri njema ya volti 12 iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi, injini ikinguruma, kipimo kikibaki chini ya 13, dainamo au alteneta haichaji, na betri mpya nayo itakufa vilevile.

Moshi nao ni shahidi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi au hewa iliyopungua, na mara nyingi dawa yake ni kusafisha chujio la hewa. Mweupe usiokoma hata injini ikiisha kupata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, huleta shaka ya gaskiti ya silinda hedi, na hapo gari lisiendeshwe.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa zamani hawakulijua kwa sababu halikuwapo. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zilizo kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kuacha kuiuzia magari, mwezi Julai 2021. Kuondolewa kwake ni heri kubwa kwa afya za watoto. Lakini risasi ile ilikuwa pia ikilinda viti vya valvu, na baadhi ya injini za zamani zina viti laini ambavyo sasa huliwa kidogo kidogo. Dalili yake ni nafasi ya tapeti kupungua kila ipimwapo, kisha injini kuwa ngumu kuwaka na kupoteza nguvu mlimani. Nafasi hizo zipimwe na kuandikwa daftarini. Zikizidi kupungua, kazi ya kutia viti vigumu ni ya karakana yenye mashine, si ya uani.

Breki pia zisichezewe na mtu anayejifunza. Akague kiasi cha mafuta ya breki na dalili za kuvuja kwenye magurudumu, basi. Gurudumu likifunguliwa, gari lisitegemee jeki peke yake. Litiwe gogo imara chini ya chesisi kabla mtu hajaingiza hata mkono. Na viatu vya breki vya magari ya zamani vyaweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake likivutwa huharibu mapafu baada ya miaka mingi. Vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, bali lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji, nacho kifungwe mfukoni kingali kimelowa.