Meza Moja ya Mishahara



Twaulizwa kwa nini twashikilia kwamba mishahara ya waalimu na makarani wa vyuo vikuu ipatanwe mahali pamoja kwa nchi nzima, wala si kila chuo peke yake. Hapa bandarini jambo hili si geni: Septemba 1947 makuli waligoma, na mgomo ukafuata reli hata bara.

Tena watazameni jirani zetu wa Kenya. Mapatano yao ya 2017 hadi 2021 yalihusu vyuo vikuu vyote vya serikali. Fedha zilipobaki hazijalipwa, waligoma siku 49, tangu 17 Septemba 2025, hata wakaahidiwa shilingi bilioni 7.9 kwa mafungu mawili. Chuo kidogo kingedai nini peke yake? Mkuu wake angesema sanduku ni tupu, na pengine asingesema uwongo!

Twakiri, meza moja ina uzito wake: ikichelewa, wote huchelewa. Lakini aliye mbali na mji mkuu hasahauliwi.

Basi tawi lolote likiitwa kupatana faraghani, na lituletee barua hiyo kabla ya kutia saini.