Kompyuta Haiwezi Kupatanisha Hesabu Zisizo na Kipimo Kimoja

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa umma, Arusha)



Katika soko la Kilombero hapa Arusha, kila mmoja wetu anaijua lumbesa. Gunia la viazi lililovikwa kilemba huitwa gunia, na lisilo na kilemba nalo huitwa gunia. Jina ni moja, uzito ni mbalimbali, na anayepunjika ni mkulima wa miteremko ya Meru. Ndiyo maana sheria ya vipimo hudai mizani, wala haitosheki na jina.

Hesabu za fedha nazo zina lumbesa yake. Tuchukue shule mbili zilizokarabati paa mwezi Juni, zikamlipa fundi Agosti. Mwaka wetu wa fedha humalizika tarehe 30 Juni. Shule ya kwanza imeandika gharama hiyo Juni, deni lilipozaliwa. Ya pili imeiandika Agosti, fedha zilipotoka. Tarakimu zote mbili zimeingizwa katika kompyuta kwa jina la "matumizi ya mwaka". Kompyuta itazijumlisha bila kusita, na jumla itakuwa potofu, ijapokuwa hakuna aliyeiba wala aliyedanganya.

Taifa letu halikulala. Tangu mwaka 2004 makampuni yetu yameelekezwa kufuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha. Mwaka 2012 Serikali nayo ilianza kuhama kutoka hesabu za fedha taslimu kwenda hesabu zinazotambua mali na madeni yanapotokea. Mwaka 2017 shule na zahanati zililetewa mfumo wa kompyuta wa kutunza hesabu zao. Hivyo mwalimu mkuu wa Arumeru leo ni mtoaji wa taarifa za fedha za umma.

Lakini jambo hili limevuka mipaka yetu. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na nchi wanachama zilitia saini Itifaki ya Umoja wa Sarafu mwezi Novemba 2013. Sarafu moja haiwezekani iwapo nakisi na deni la kila nchi hupimwa kwa pishi yake. Aidha, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga mwaka 2022, ilikwisha kuingia OHADA mwaka 2012, na huko kuna utaratibu mwingine wa uhasibu. Mfanyabiashara wa Arusha mwenye kampuni Lubumbashi hukutana na vitabu vya namna mbili.

Afrika Kusini ilianza mwezi Julai 2018 kuyataka baadhi ya makampuni yawasilishe hesabu kwa lugha ya kompyuta iitwayo XBRL. Humo kila tarakimu hubandikwa alama inayoeleza maana yake, kipindi chake na sarafu yake, na kamusi ya alama hizo ni moja kwa wote. Kamusi ilitangulia, mashine ikafuata.

Wapo watakaosema kwamba zahanati si shule, na kila taasisi ina mahitaji yake. Ni kweli. Basi kila mmoja aongeze maelezo yake chini ya vichwa vya pamoja, lakini asibadili maana ya vichwa hivyo.

Ndugu zangu, Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mkataba wa kugawana mali na madeni yake ulitiwa saini hapa Arusha mwaka 1984 tu. Ni vyema tukubaliane juu ya kuhesabu tungali pamoja. Kabla idara haijanunua mfumo mpya, iulize kwanza: maneno yake yana maana ileile kwa jirani?