Kuagana na Mtoto Mlangoni pa Shule

Leo twataka kusema nanyi habari za watoto wadogo, wale wa miaka mitano hivi, wanapotolewa nyumbani na kutiwa katika darasa la awali. Twasema hasa na ndugu zetu wa Tunduma na Vwawa, wa Momba, Mbozi, Ileje na Songwe, ingawa jambo lenyewe liko kila mahali penye shule.

Kuanza masomo kabla ya darasa la kwanza si jambo geni tena. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliweka elimu ya awali kwa watoto wa miaka 5 na 6, na ile ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima, isipungue mwaka mmoja. Tena tangu ada zilipoondolewa, Januari 2016, watoto wamekuja kwa wingi. Kiwango kilichowekwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na kila mwalimu wa awali anayetusikia atakuwa amekwisha kucheka. Haya ya wingi na tuyaache leo, kwa kuwa hayamo mikononi mwa mzazi. Lililo mikononi mwake ni namna ya kumfikisha mtoto pale, na namna ya kumwacha.

Hapo ndipo tuonapo desturi moja isiyotupendeza. Mama amleta mtoto asubuhi, naye mtoto ameshika kanga ya mama wala haiachi. Mama amwambia, "Kaa hapa kidogo, nakwenda kukununulia andazi, narudi sasa hivi." Mtoto akaa. Mama azunguka nyuma ya darasa, huyo, amekwenda zake. Andazi haliji, na mama haji hata mchana. Mtoto alia mpaka sauti yakauka. Na kesho yake, aonapo tu mama anajifunga kanga, aanza kulia kabla hawajatoka nyumbani. Majirani husema, mtoto huyu amedekezwa. Sivyo hata kidogo. Mtoto ametumia akili zake sawasawa: amejifunza kwamba mama akigeuka tu huenda asionekane tena, basi ameazimu asimwache atoke machoni pake.

Jambo hili latushangaza kwa sababu sisi ni watu wa kuagana. Mgeni aliyelala kwetu usiku mmoja tu haondoki kimyakimya. Akiondoka hivyo, twasema hakufunzwa adabu. Mkubwa mwenzetu twamsindikiza hata njiani, lakini mtoto wetu twamtoroka. Naye ndiye mwenye haja ya kuagwa kupita wote, maana hana saa, wala hajui kuhesabu siku.

Wako walioyatazama mambo haya kwa makini, tena si mbali na kwetu. Katika miaka ya 1954 na 1955 bibi mmoja mtaalamu wa elimu ya nafsi, jina lake Mary Ainsworth, alikaa Uganda akizitembelea nyumba za Waganda 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwaangalia watoto wachanga pamoja na mama zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona ya kuwa mtoto mwenye hakika ya mama yake ndiye anayethubutu kutambaa mbali naye, akashika kitu hiki na kile, akarudi kumtazama, kisha akaenda tena. Asiye na hakika ndiye anayeng'ang'ania. Watu wengi kwetu hudhani kinyume chake, kwamba mtoto akifarijiwa sana hatashuka mgongoni. Tena bibi huyo aliona kwamba watoto wengi walikuwa na zaidi ya mtu mmoja wa kumtegemea: palikuwa na baba, au nyanya, au dada mkubwa. Neno hilo la pili ni la faida kubwa katika nchi ya Tunduma.

Maana Tunduma ni mji wa watu wanaopita. Reli ya TAZARA yapita pale, na malori ya kwenda Zambia hujipanga barabarani. Baba dereva huja usiku na kuondoka alfajiri. Mama huvuka kwenda Nakonde kuuza na kununua. Mpaka wenyewe uliwakata Wanyamwanga, wengine wakawa upande huu na wengine upande ule, hata nyanya wa mtoto huenda yuko Zambia, ng'ambo ya kituo cha forodha. Basi mara nyingi huwa hivi: mtoto amelelewa na nyanya kijijini, anasema Kinyamwanga, au Kinyiha ikiwa ni wa Mbozi, au Kindali akiwa wa Ileje. Ikifika Januari, katikati ya mvua, aletwa mjini ili aanze shule. Kwa juma moja amebadilishiwa nyumba, na watu wa nyumbani, na lugha, na juu ya hayo ametiwa katika chumba chenye watoto wengi asiowajua. Hata mtu mzima angeugua.

Ushauri wetu ni kwamba mambo haya yasimwangukie yote pamoja. Mtoto wa kuanza Januari na aletwe mjini mapema, mwezi wa Oktoba ikiwezekana, azoee kwanza nyumba na watu wake. Nyanya akiweza kuja naye akakaa siku chache, ni vizuri sana. Kisha apelekwe kuitazama shule kabla haijafunguliwa, aonyeshwe mahali pa maji, na zaidi ya yote aonyeshwe choo.

Msicheke tunapotaja choo. Darasa la awali hufundishwa kwa Kiswahili, nasi hatulipingi hilo; lakini mtoto asiyejua kuomba ruhusa kwa lugha ya mwalimu atajikojolea, wenzake watamcheka, na chuki ya shule itaanzia hapo, wala si katika herufi. Mwalimu aliyetoka mbali, kwa mfano Tanga au Mwanza, yampasa aulize wenyeji maneno machache ya kwao: maji, choo, naumwa, mama anakuja. Hata kumi hayafiki, na kujifunza kwake ni kazi ya jioni moja.

Sasa, siku yenyewe ya kumwacha. Mwambieni kweli, tena kwa maneno machache: "Mimi nakwenda sokoni. Mkisha kunywa uji na kucheza, dada yako atakuja kukuchukua." Msimtajie saa sita, mtajieni uji, ikiwa shule yenu hutoa uji, au kengele, kitu atakachokiona kikitokea. Kisha ondokeni, msirudi dirishani kuchungulia. Atalia, naam, lakini kilio cha mtoto aliyeagwa si sawa na kilio cha mtoto aliyedanganywa, na mwalimu mzoefu huvitofautisha tangu mlangoni. Aliyeahidiwa dada na aje dada, wala asichelewe. Baba wa lori na amwambie mtoto usiku, kabla hajalala, ili asiamke na kukuta kitanda kitupu. Tena msimtishe kwa kumwambia, "Ngoja, mwalimu atakuchapa." Mwamtia hofu ya mtu yule yule mnayetaka amkimbilie.

Yuko mtoto mwingine, naye ndiye atutiaye wasiwasi kuliko wote. Huyu halii. Huketi pale alipowekwa, hachezi, hasemi, uji wake wapoa. Wazazi husifu, wakisema mtoto wetu hasumbui. Mwalimu asiridhike. Amweke karibu naye, ampe kazi ndogo ya mikono, kugawa vikombe au kukunja mkeka, tena pamoja na mtoto mmoja mpole wa lugha yake. Wengine shuleni ni watulivu, kumbe nyumbani wameanza tena kukojoa kitandani, au kunyonya kidole, au kutaka kubebwa kama wachanga. Mtoto wa namna hii asiaibishwe. Mara nyingi mambo hayo hukoma baada ya majuma machache. Yakiendelea, naye akawa hali na anakonda, apelekwe kituo cha afya, huenda ana maradhi.

Neno la mwisho ni kwa walimu. Wako wanaopata uhamisho katikati ya mwaka, wakaondoka Ijumaa, na Jumatatu watoto wakakuta uso mwingine. Mwalimu anayehama na awaambie watoto siku kadhaa kabla, na anayemfuata aje darasani naye angali yupo, waimbe pamoja wimbo ule ule wa asubuhi. Vivyo hivyo kwa darasa la kwanza: kila Novemba watoto wa awali na wapelekwe wakaketi katika chumba chake kwa nusu saa hivi, na mwalimu wake ajifunze majina yao.

Wakati wetu umekwisha. Kwa herini.