Sheria Hupikwa Kamatini
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Wilaya za Karagwe na Kyerwa)

 

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya Bunge, na hasa juu ya kamati za Bunge. Wengi wetu tunalijua Bunge kwa redio. Tunamsikia Spika akisema wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi unaitika, basi. Sisi tulioko Kayanga, Nyaishozi, Nkwenda au Murongo tunadhani sheria imetungwa dakika ile. Sivyo. Ukumbi unapoitika, sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika mahali pengine, katika chumba chenye meza na watu wachache. Mahali hapo ni kamatini. Na hapo kamatini ndipo mwananchi wa kawaida anapoweza kusema. Ukumbini haruhusiwi. Akienda huko atakaa na wageni wengine, atazame na kusikiliza tu.

Tuanze na jambo la nyumbani. Kijiji chetu kina halmashauri, na halmashauri ya kijiji ina kamati zake: ya Fedha, Uchumi na Mipango, ya Huduma za Jamii na Kujitegemea, na ya Ulinzi na Usalama. Tuseme ugonjwa wa mnyauko umeingia katika migomba. Kijiji kinataka sheria ndogo: mwenye mgomba mgonjwa aung'oe, na panga lililokata mgomba mgonjwa lisiguse mzima kabla ya kupitishwa motoni. Je, mwenyekiti atasimama mkutanoni na kutamka tu? Akifanya hivyo atapata ubishi mpaka jua litue. Bibi mjane atauliza, nani atanisaidia kung'oa shamba zima? Mwingine atauliza, faini ni shilingi ngapi, na fedha hiyo itakwenda wapi? Maswali ya namna hii hutaka watu wachache wayakalie kwanza, wayachambue, ndipo jambo liletwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na baadaye lipelekwe halmashauri ya wilaya likubaliwe. Bunge nalo hufanya kazi kwa njia hiyo, ila jambo lake linagusa nchi nzima.

Sheria kabla haijawa sheria huitwa muswada. Mara nyingi muswada huletwa na Serikali, ingawa mbunge au kamati nao wanaweza kuleta wao. Kwa kawaida hutangazwa kwanza katika Gazeti la Serikali. Gazeti hilo si kama hili mnalosoma. Halina picha wala barua za wasomaji, na vijijini kwetu ni nadra kuliona. Kisha muswada unasomwa Bungeni mara ya kwanza. Neno "kusomwa" lisiwadanganye. Kinachosomwa siku hiyo ni jina lake tu. Hakuna hotuba wala ubishi. Baada ya hapo Spika anaupeleka kwenye kamati inayohusika.

Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 96, ndiyo inayoliruhusu Bunge kuwa na Kamati za Kudumu. Wabunge ni karibu 400. Watu 400 hawawezi kukaa pamoja na kupima neno kwa neno. Hata watu 40 kwenye kikao cha chama cha msingi tunawajua wanavyosumbua. Kwa hiyo wabunge wasio mawaziri hugawanywa katika kamati. Muswada unaohusu mazao hupelekwa kamati inayoshughulikia kilimo. Unaohusu Katiba na mahakama unakwenda kamati ya mambo ya Katiba na sheria. Muswada wa Sheria ya Fedha, unaokuja kila mwaka wakati wa bajeti, unakwenda Kamati ya Bajeti.

Sasa tazameni kinachofanyika kule. Waziri anaitwa, pamoja na wataalamu wake na mwanasheria. Anaulizwa: kwa nini unataka sheria hii? Iliyopo ina kasoro gani? Kifungu hiki kitamfanya nini mkulima mwenye robo eka ya kahawa? Kisha kamati huita watu wenye jambo hilo, yaani wadau. Hao ni vyama vya wakulima, wafanyabiashara, viongozi wa dini, wanasheria, na mwananchi mwingine yeyote mwenye maoni. Wanaweza kufika au kuandika. Kamati ikiona kifungu ni kibovu, humshauri waziri akirekebishe. Mara nyingi mawaziri hukubali, kwa maana si jambo jema kwenda ukumbini huku kamati imenuna. Waziri asipokubali, marekebisho bado yanaweza kuletwa Bungeni kwa karatasi iitwayo jedwali la marekebisho.

Hatua zinazofuata ni nyepesi kueleza. Muswada unasomwa mara ya pili: waziri anatoa hotuba, na kamati inatoa maoni yake mbele ya wote. Wabunge wanajadili. Halafu Bunge lote linageuka kuwa kamati, iitwayo Kamati ya Bunge Zima, na kupita kifungu kwa kifungu. Mwisho unasomwa mara ya tatu, kisha unapelekwa kwa Rais atie saini. Rais anaweza kukataa na kuurudisha pamoja na sababu zake. Hayo yamo katika Ibara ya 97.

Huenda mzee mmoja anasema moyoni, hayo ni ya Dodoma, yananihusu nini mimi wa Kaisho? Mzee wetu, ikumbuke tozo ya simu.

Mwaka 2021 Muswada wa Sheria ya Fedha ulipita Bungeni mwezi Juni. Ndani yake mlikuwa na tozo mpya juu ya fedha zinazotumwa na kutolewa kwa simu. Tarehe 15 Julai tozo ikaanza: kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kulingana na kiasi. Mama anayemtumia mwanawe nauli, na kijana wa mjini anayewatumia wazazi fedha za dawa, wote walikatwa. Watu walishtuka. Lalamiko likawa kubwa nchi nzima, na mwezi Septemba Serikali ikapunguza kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata ikapunguza tena. Ni vizuri kwamba sauti za watu zilisikika. Lakini angalieni majira yake: watu walipiga kelele Julai, wakati sheria imekwisha pita. Muswada ule ulikuwa mikononi mwa kamati kabla ya hapo. Ni wangapi huku kwetu tuliandika hata mstari mmoja wakati huo?

Mfano mwingine unaonyesha upande wa pili, pale watu waliposema mapema. Mwaka 2011 Serikali ilileta Muswada wa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba. Uliletwa kwa haraka, tena kwa Kiingereza. Mwezi Aprili kamati ya Bunge ikakusanya maoni Dodoma, Dar es Salaam na Zanzibar. Kumbi zilijaa. Watu walisema waziwazi kwamba hawawezi kutoa maoni juu ya maandishi wasiyoyasoma, na kwamba jambo la Katiba halitaki kukimbizwa. Kule Zanzibar muswada ulichanwa hadharani. Ikawaje? Haraka ile ikaachwa, muswada ukawekwa kwa Kiswahili, na ukarudi Bungeni Novemba mwaka huohuo. Hata hapo ubishi haukwisha, na baadhi ya wabunge wa upinzani walitoka ukumbini. Lakini muswada haukupita Aprili kama ulivyokusudiwa.

Tuseme neno juu ya hiyo haraka. Rais akitia saini hati ya dharura, muswada unaweza kupita hatua zake zote kwa siku chache. Mwaka 2017 miswada mitatu juu ya maliasili na madini ililetwa hivyo, ikapitishwa mwanzoni mwa Julai. Sheria zile ndizo zilizoleta Tume ya Madini, na wachimbaji wadogo wa madini ya bati kule Kyerwa wanaijua tume hiyo. Ziko dharura za kweli, hatukatai. Nyumba ikiungua huiti kikao. Lakini sisi tunaona kwamba siku chache hazimtoshi mtu aliye mbali na Dodoma. Tangazo likitoka Jumatatu na maoni yakatakiwa Alhamisi, watakaofika ni wenye ofisi mjini. Wa Mabira hatafika, na barua yake itafika baada ya wageni kuondoka.

Kiingereza nacho kilikuwa ukuta mrefu. Mwezi Februari 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yanayosema lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili. Kwa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani hilo si jambo dogo. Maneno ya sheria yangali magumu, lakini sasa ni ugumu wa kuulizana sisi kwa sisi.

Wenzetu ng'ambo ya Mto Kagera nao wana kamati zao. Wakulima wa huko walifuatilia sana mwaka 2024, Bunge la Uganda lilipojadili muswada wa kuvunja mamlaka ya kahawa na kuhamishia kazi zake Wizara ya Kilimo. Muswada ulikwenda kwanza kamati ya kilimo. Ulipofika ukumbini mwezi Novemba wabunge walishikana mashati, lakini ukapita. Kahawa, ndugu zetu, si jambo la mchezo upande wowote wa mto.

Basi tuseme siku moja unaletwa muswada unaogusa kahawa yetu, au ushirika, au stakabadhi ghalani. Tunajua shida zetu: butura, yaani kuuza kahawa ingali maua kwa sababu ada ya shule imefika, malipo yanayochelewa, makato yasiyoeleweka. Kamati haizijui zote. Ina wabunge wa Mtwara na wa Iringa ambao neno butura hawajapata kulisikia. Mtu wa kuwaambia ni yule anayeumwa nalo.

Kuandika mnajua. Barua kwa kamati haitaki maneno makubwa. Taja jina la muswada, taja kifungu, sema kinaumiza nini, kisha sema mnataka kisomeke vipi. Kamati ikipata malalamiko matupu itayasikitikia tu. Ikipata maneno ya kuweka mahali pa maneno mengine, ina kitu cha kumwonyesha waziri. Kwa mfano:

"Kwa Katibu wa Bunge, Dodoma. Sisi wakulima 34 wa kijiji chetu tulikutana na kuusoma Muswada. Kifungu kinachompa mnunuzi siku 30 za kulipa kitatuumiza, kwa kuwa ndani ya siku hizo tunalazimika kukopa na kuuza butura. Tunaomba kisomeke: mkulima atalipwa ndani ya siku 7 tangu kahawa yake kuuzwa."

Huo ni mfano tu, muswada huo haupo. Lakini barua ni fupi hivyo. Asomee mmoja kwa sauti, wengine wasahihishe, wote watie saini, na asiyeweza saini aweke dole gumba. Ulizeni ofisi ya kata au ofisi ya mbunge muswada uko kamati gani na mwisho wa maoni ni lini. Nakala moja ibaki kijijini. Nyingine apelekewe mbunge, kwa sababu hata kama yeye si mjumbe wa kamati hiyo, anaweza kuleta jedwali la marekebisho siku Bunge linapopita kifungu kwa kifungu.